Frasila Mbili, Gunia Moja

Zamani za misafara, mzigo wa mpagazi ulijulikana: kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukimzidishia, aliubwaga chini akadai posho zaidi, au usiku akatoroka. Maisha yao hayakuwa raha, walitembea miezi mizima, lakini angalau mwenye mgongo alikuwa na sauti kwenye bei ya mgongo wake.

Halafu Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza akakamata watu kubeba mizigo ya jeshi. Kutoka kwao tukapata majina Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Hao wanataka makala yao.

Mimi nataka gunia. Umewahi kujiuliza kwa nini gunia la mahindi Kenya ni kilo 90? Ni ratili 200 za Mwingereza, basi. Tukahamia kilo, ratili zikasahaulika, uzito ukabaki pale pale, na hadi leo bei ya mahindi hutajwa hivyo. Ukitafuta mgongo wa mtu kwenye hesabu hiyo, haumo. Karibu frasila sita!

Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 waliifunga Mombasa siku 12, bandari na reli, na Chege Kibachia akawa sauti yao. Walidai mshahara kwanza, na nawaelewa: mgongo unauma kesho, njaa inauma leo.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Kenya ilingoja hadi 2013 ndipo sheria ya kilimo ikaweka kikomo cha kilo 50 kwa mazao yanayofungashwa. Lakini lumbesa ziko sokoni, zimeshonewa kofia juu.

Kinachoumiza si uzito peke yake. Ni kuinama, kunyanyua, kisha kujipinda ukiwa na mzigo ili uurushe kwenye lori. Hapo ndipo visahani laini kati ya pingili za uti hubanwa, kimoja kikichomoza kinagusa neva na mguu mzima unawaka moto.

Sheria ya fidia kwa majeruhi kazini ipo, ya 2007. Inamtaka mwajiri. Sasa kuli anayetoka Chara kupakia magunia Garsen, analipwa kwa gunia, mwajiri wake nani? Mwenye lori anamwonyesha mwenye mzigo, mwenye mzigo anamwonyesha dalali. Yeye anachuliwa mgongo nyumbani, analala siku mbili. Ya tatu, lori lingine limefika.