Isimu Kabla ya Shahada
Wengi wanaosomea shahada ya lugha za kigeni na isimu hufundishwa kwamba mizizi ya fani yao iko Ulaya. Historia ya Tabora, nchini Tanzania, inaelekeza kwingine. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi India, alizungumza na Speke kwa Kihindustani, kisha akawageuzia wapagazi maneno hayo kwa Kiswahili. Mwenyeji wa wapelelezi hao, Mwarabu Snay bin Amir, alimsaidia Burton kujifunza Kinyamwezi. Utaambiwa huo ulikuwa ukalimani wa safarini tu, haukuwa taaluma. Lakini nani aliyepima maana ya kila neno kabla halijaingia daftarini? Burton aliandika na kuchapisha. Kupambanua maana ilikuwa kazi ya watu kama Bombay na Snay, na wanastahili kutajwa katika mihadhara ya mwaka wa kwanza.