Maumivu ya upasuaji yalivyochelewa kupata namba

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa hewa ya etha, kisha John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni bila mayowe yaliyozoeleka katika vyumba vya upasuaji vya zama zile. Etha, hata hivyo, ilimkinga mgonjwa na maumivu ya kisu tu. Akizinduka, aliyakuta maumivu ya kidonda yakimsubiri, na hayo hayakuwa na mahali pake katika orodha yoyote ya magonjwa. Mfumo wa Marekani wa kuyaandika magonjwa kwa misimbo uliyapa namba Oktoba 2006, miaka 160 baada ya siku ile ya Boston. Naona uhaba wa sayansi haukuwa kikwazo kikuu. Madaktari na wagonjwa waliamini kwa pamoja kwamba kuumwa baada ya kupasuliwa ni gharama ya kupona, na jambo linaloonekana la kawaida haliandikwi. Lisipoandikwa halihesabiwi, na lisipohesabiwa halitengewi mtu wa kulishughulikia.

Orodha zenyewe zilianza kwa kuhesabu waliokufa. Jacques Bertillon, mtakwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha orodha yake ya sababu za vifo Chicago mwaka 1893, na maumivu, ambayo kwa kawaida hayaui, hayakuwa na sababu ya kuwemo. Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na katika toleo la sita la mwaka 1948 likaingiza pia magonjwa yasiyoua. Hata hapo maumivu yaliendelea kuchukuliwa kuwa dalili ya jambo jingine. Toleo la kumi liliyawekea kapu moja, R52, la maumivu yasiyo na mahali pengine, bila kuuliza kama mwenye maumivu amewahi kupasuliwa. Uzito wa pengo hilo ulionekana mwaka 1998, pale watafiti Crombie, Davies na Macrae walipochunguza wagonjwa 5,130 wa kliniki za maumivu huko Scotland na kaskazini mwa Uingereza. Kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano, upasuaji ulikuwa umechangia maumivu yake. Watu hao hawakuzuka mwaka huo. Walikuwa wametawanyika katika mafaili ya mgongo, kifua, nyonga na tumbo, kila mmoja kwa jina la kiungo kinachomuuma.

Misimbo ya 2006 ilitenganisha maumivu ya muda mfupi baada ya upasuaji na yale yaliyo sugu. Marekani ilipohamia toleo lake la kumi Oktoba 2015, ya kwanza yakawa G89.18 na ya pili G89.28. Hapa inafaa kumtazama karani wa misimbo akiwa kazini. Yeye hamwoni mgonjwa, anasoma faili. Mwongozo unamwambia maumivu ya kawaida, yanayotarajiwa mara tu baada ya upasuaji, asiyape msimbo. Unamwambia pia kwamba hakuna idadi ya siku inayoyageuza maumivu kuwa sugu, afuate alichoandika daktari. Na daktari asipotaja ni ya aina gani, karani ayahesabu kuwa ya muda mfupi. Basi mwanamke ambaye bado anaumwa mwaka mzima baada ya operesheni, daktari wake akiandika "maumivu baada ya upasuaji" na kuliacha neno "sugu", anaingia katika takwimu sawa na mtu aliyetoka chumba cha upasuaji juzi. Sioni kosa katika kanuni ya kwanza, kwa maana kila kidonda kibichi kikipewa msimbo, hesabu haitamfundisha mtu kitu. Ila kanuni hizo zimeweka mzigo wote kwenye kalamu ya daktari, na daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni huandika kwa ufupi.

Wapo wanaosema Marekani imekwisha kuonja matokeo ya kuyaandika maumivu kupita kiasi. Mwaka 1995 James Campbell, rais wa chama cha wataalamu wa maumivu nchini humo, alihimiza yapimwe kama joto na mapigo ya moyo. Mwaka 2001 tume inayokagua hospitali ikaweka viwango vyake, wodi zikajaa alama za sifuri hadi kumi, na dawa za jamii ya afyuni, zilizokuwa zikinadiwa na watengenezaji wake kuwa salama, zikagawiwa kwa wingi uliokuja kuua watu wengi mno. Hoja hiyo ni nzito. Lakini alama ya saba humwambia daktari kiasi cha maumivu ya saa ile, haimwambii chanzo, na mwenye namba tupu mkononi hukimbilia kidonge. Msimbo unataja chanzo, yaani upasuaji, na hapo daktari ana la kuuliza: operesheni ipi, tangu lini, mshipa gani wa fahamu umeguswa. Jibu likipatikana, huenda tiba ikawa mazoezi ya viungo au sindano ya ganzi. Kuna pia wanaosema kisichoonekana kwenye eksirei hakiwezi kuorodheshwa. Fikra hiyo waliilipia watoto wachanga, ambao hadi miaka ya 1980 wengi walipasuliwa kwa dawa kidogo mno kwa kudhaniwa hawahisi, mpaka utafiti wa Kanwaljeet Anand wa mwaka 1987 ulipoonyesha kwamba waliotulizwa ipasavyo waliustahimili upasuaji vizuri zaidi.

Toleo la kumi na moja la Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limemaliza sehemu ya ubishi kuhusu lini maumivu huwa sugu. Kikosi cha wataalamu chini ya Rolf-Detlef Treede na Winfried Rief kilipendekeza muda maalumu, na sasa chini ya MG30.2 maumivu ya upasuaji huitwa sugu yakidumu angalau miezi mitatu. Toleo hilo ni la Tanzania na Kenya pia. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa 2018 ulikuta upasuaji unaofanywa zaidi ni wa kujifungua, kwa hiyo wengi wanaohusika ni kina mama wanaorudi kliniki na mtoto mgongoni, mtoto anapimwa uzito, mshono wa mama hauulizwi. Daktari au muuguzi unayesoma haya, muulize, kisha andika mambo matatu kwenye faili lake: alipasuliwa nini, tarehe gani, na kwamba maumivu hayajaisha.