Picha Ndogo Zinapogeuka Maneno: Alama za Kioo cha Simu

Wanafunzi wetu wa isimu hufundishwa mapema kwamba neno ni ishara ya nasibu: hakuna sababu ya kimaumbile inayoifanya sauti "mbwa" imtaje mnyama yule. Picha, kwa upande wake, hudhaniwa kuwa yaeleweka na kila mwenye macho. Historia ya alama za simu ya mkononi yaonyesha kwamba dhana hiyo ina mushkeli.

Kilichozaa alama hizo kwanza ni ufinyu wa nafasi. Kioo cha Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, kilikuwa na vitone 84 kwa 48 tu. Herufi moja ikichukua vitone sita kwa upana, mstari hubeba herufi 14. Sentensi "Kumbukumbu ya ujumbe imejaa" haienei hapo, ilhali bahasha ndogo inayomwetamweta yatosha. Lakini ni nani aliyezaliwa akijua kwamba bahasha inayometameta maana yake ni kujaa? Hilo lilifunzwa, sawasawa na msamiati.

Mfano ulio wazi zaidi watoka Japani. Mwaka 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilizindua huduma ya intaneti ya simu iitwayo i-mode, na Shigetaka Kurita akaisanifia picha 176, kila moja ikiwa ndani ya mraba wa vitone 12 kwa 12. Alichota kutoka alama za utabiri wa hali ya hewa, alama za barabarani na vibonzo vya kwao. Mojawapo ni mistari mitatu ya mvuke, ambayo katika ramani za Kijapani ni chemchemi ya maji moto. Msomaji wa huku kwetu angeona chakula cha moto mezani, na hangekuwa na kosa lolote. Mwaka 2010 picha za aina hii ziliingizwa katika Unicode, zikapewa namba kama herufi nyinginezo.

Alama ya kusubiri ina kisa chake. Susan Kare aliichorea Macintosh ya mwaka 1984 saa ya mkononi. Windows ikatumia saa ya mchanga. Saa isiyosogea ina ila moja kubwa: haitofautishi mashine inayofanya kazi na mashine iliyokwama, hivyo mtu hubonyeza tena na tena. Mwaka 1985 Brad Myers alionyesha kwamba watumiaji hupendelea kuonyeshwa asilimia ya kazi iliyokwisha. Hata hivyo, simu inayongoja mtandao mara nyingi haijui kiasi kilichobaki. Ndiyo maana kiduara kinachozunguka kilienea: hakisemi lini, husema tu "ningali hai".

Hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapohusika. Pale picha inapoandamana na neno, programu nyingi zilizotafsiriwa huandika "Inapakia". Kupakia kwetu ni kazi ya magunia na lori, na aliyelizoea neno hilo sokoni atauliza kinachopakiwa ni nini, na kinakwenda wapi. Watetezi wake husema kwamba kwa vijana limekwisha kuzoeleka, na kweli limezoeleka. Mimi ningeandika "Subiri". Ni herufi sita tu, na hata kile kioo cha vitone 84 kingelibeba bila shida.