Safu ya Lugha: Mkondo, si toleo

Njia inayopeleka sauti ya redio ya mtandaoni kwa wasikilizaji tuiiteje? “Toleo” tumeshalipa kazi mbili: toleo la gazeti na toleo la programu. “Tokeo” nalo linatupeleka kwenye mitihani. Neno linalofaa tunalo tayari: mkondo.

Shule ikizidiwa na wanafunzi hufungua mkondo wa pili wa kidato cha kwanza, na ule wa awali ukaendelea na masomo. Ndivyo inavyowezekana katika Liquidsoap, programu huria ya redio iliyoanzia Lyon, Ufaransa. Hati yake ikiandaliwa vizuri, amri moja huongeza mkondo wa /taarab.ogg kwenye seva ya Icecast, na wanaosikiliza /taarab.mp3 hawakatiziwi hata ubeti. Mkondo mpya hupewa muundo wa sauti, nywila na anwani yake. Kazi ikiisha, hufungwa huo tu.

Basi wanaoandika miongozo ya mafundi mitambo waseme “kuongeza mkondo programu ikiendelea”. Fundi wa Mombasa na wa Dodoma wataelewa bila kuuliza.