Niru ya Sultani

Watu wakizungumzia Kilwa, wanazungumzia dhahabu na masultani. Mimi huvutiwa na bwawa. Liko ndani ya magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania: bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe, ndani ya jumba linalotazama bahari. Jumba lenyewe linahusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka wa 1331.

Sasa, jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Ukilijaza maji hivi hivi, yatapenya. Kinachozuia maji ni ngozi ya juu, yaani plasta ya chokaa. Mafundi wa Pwani walirundika matumbawe juu ya kuni, wakayachoma yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakaichanganya na mchanga, kisha wakamalizia ukuta kwa niru laini. Ikishapakwa, chokaa hunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na polepole inageuka jiwe tena. Unachoma jiwe, unalipaka kama uji, halafu linarudi kuwa jiwe. Hiyo ni sayansi, na ilikuwa hapa kwetu karne ya 14.

Mabwawa ya Nairobi nayo hayako mbali na hapo. Mengi hupigwa plasta ya saruji nyeupe na unga wa marumaru, na ndani yake kuna kalsiamu vilevile. Maji yakiwa na asidi, au yakikosa kalsiamu ya kutosha, huichota ukutani. Plasta inakuwa kama msasa, inakwaruza vidole vya watoto, na mwani unapata pa kujishika.

Niliwahi kufanya kibarua cha kukarabati bwawa la namna hiyo kwenye estate moja. Msimamizi alitaka tulioshe kwa asidi ling'ae kabla ya wikendi. Fundi wetu mzee akagoma. "Mkubwa, hii imeoshwa mara ngapi? Ukiosha tena utakuwa unaogelea kwenye zege." Alikuwa sahihi: asidi hung'arisha kwa kula tabaka la juu. Akachukua nyundo, akawa anagonga ukuta pole pole. Palipolia kitupu, tukabomoa mpaka kwenye zege imara, ndipo tukapiga plasta upya.

Kila ngozi ya bwawa huisha. Niru iliumbwa ipakwe tena na tena, na ilidumu mradi kulikuwa na mtu wa kuipaka. Mtu huyo akikosekana, mvua na mizizi humaliza kazi. Magofu ya Kilwa yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1981, yakawekwa kati ya yaliyo hatarini 2004, na yakatolewa huko 2014. Huwezi kuyaokoa kwa kupiga saruji tu, kwa maana saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe na ukuta unaoza taratibu. Chokaa hupumua.

Kwa hiyo tunamhitaji mtu anayejua kuchoma chokaa, kama tunavyomhitaji mwanahistoria. Jina la sultani tunalo. La fundi aliyelainisha bwawa lake hatuna, na kazi yake ndiyo ngumu zaidi kurudia leo.