Che Guevara katika milima ya Fizi, 1965: mzigo ulibebwa na nani?



Pale Baraka sokoni utakutana na vijana wamevaa tisheti yenye picha ya Che Guevara: kofia yenye nyota, ndevu, macho yanatazama mbali. Uliza ni nani. Mmoja atakwambia ni mwanamuziki, mwingine atasema ni mwanamapinduzi wa Kuba, basi. Ni wachache wanaojua kwamba huyo mtu alikaa karibu miezi saba kwenye milima yetu, akalala katika nyumba za majani, akala bukari ya muhogo, akashikwa na malaria kama sisi wote, na akafundishwa Kiswahili na kijana Mkongomani.

Leo tuongelee ile safari. Sina nia ya kumsifu wala kumtukana. Mimi ni mtu wa kilimo, nimemaliza lisansi ya agronomia, kwa hiyo hadithi hii naiangalia kutoka chini: njia, mteremko, chakula, na mgongo wa mtu aliyebeba mzigo.

1. KWA NINI HAPA KWETU?

Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Miaka mitatu nyuma yake moto ukawaka pande mbili: Pierre Mulele kule Kwilu, na huku mashariki watu wa Gaston Soumialot. Mei 1964 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi, Juni ikafuata Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na Agosti Stanleyville, yaani Kisangani. Wazee wetu mpaka leo wakisema "wakati wa Mulele" wanamaanisha miaka hiyo, hata kama Mulele mwenyewe hakufika Fizi.

Serikali ilijibu kwa jeshi, kwa ndege na kwa mamluki, wale wazee wanaita wamersenere. Novemba 1964 Stanleyville ilichukuliwa tena. Miji mikubwa ikarudi kwa serikali mmoja baada ya mwingine. Lakini Fizi ilibaki. Na kwa nini ilibaki? Angalia ardhi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi juu ya bahari, na milima ya Mitumba inasimama karibu na maji kama ukuta. Gari la jeshi haliwezi kupanda pale. Ng'ambo kuna Kigoma, na serikali ya Nyerere ilikuwa inasaidia waasi. Silaha zinavuka usiku kwa mtumbwi wa injini, asubuhi ziko ufuoni, kisha zinapanda mlima. Zinapanda kwa nini? Kwa kichwa na mgongo wa watu. Tulikumbuke hilo.

2. MOJA, MBILI, TATU

Che alifika kijiji cha Kibamba, ufuoni mwa ziwa upande wa kusini ya Baraka, tarehe 24 Aprili 1965, pamoja na kundi dogo la Wakuba weusi. Baadaye waliongezeka wakapita 100. Ili kuficha majina yao walichukua hesabu ya Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Na Che, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa wote, akaitwa Tatu. Watu walidhani ni daktari tu na mtafsiri wa Kifaransa. Udaktari haukuwa uongo, ju kweli alisomea, na alitibu wagonjwa wa vijiji.

Kijana mmoja aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili na kumtafsiria aliitwa Freddy Ilanga. Alikuwa bado mdogo kabisa. Mwisho wa hadithi yake unashangaza: alipelekwa Kuba, akasoma, naye akawa daktari, akaishi huko maisha yake yote.

Wakubwa wa mapinduzi upande wa Kongo hawakuonekana sana. Léonard Mitoudidi, ambaye Che alimpa heshima, alikufa maji ziwani mwezi wa Juni. Laurent-Désiré Kabila alikuja Julai, akakaa siku chache, akarudi ng'ambo. Wapiganaji wakabaki mlimani wanangoja.

3. KAMBI JUU YA MLIMA

Kutoka Kibamba walipanda wakajenga kambi ya juu, sehemu waliyoiita Luluabourg. Ilikuwa ni kupanda kwa saa nyingi. Hewa inabadilika: chini kuna joto la ziwa na mbu, juu kuna ukungu, mvua na baridi ya usiku. Che alikuwa na pumu tangu utoto, na haukupita muda homa kali ikamlaza chini.

Mimi na wenzangu watatu tumewahi kutembea kwa mguu kutoka Baraka kupanda Fizi tukiangalia mashamba, na tulilala njiani chini ya shitingi. Kila mtu alikuwa na kilo 15 hivi: chungu, unga, ndagala kavu, blanketi, bido ya maji. Ilikuwa kiangazi, njia kavu. Hata hivyo baada ya saa mbili za mlima hakuna aliyekuwa anapiga hadithi tena. Mama mmoja alitupita na kitunga cha muhogo kichwani na mtoto mgongoni, akatusalimia, "Wanangu, poleni na safari," akaendelea kupanda. Sasa ongeza mvua ya Aprili, udongo mwekundu unaoteleza, na badala ya chungu weka sanduku la risasi.

Ndiyo maana ugomvi mkubwa katika kambi ulikuwa kuhusu mzigo. Che mwenyewe ameandika kwamba wapiganaji wengi walikataa kubeba, wakasema wao si magari. Yeye aliona ni uvivu na kukosa nidhamu. Pengine alikuwa na haki kama mkubwa wa askari. Lakini mimi naona kitu kingine pia. Huku kwetu kubebeshwa mzigo kuna historia: misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kisha Wabelgiji na kazi za lazima. Kijana aliyepewa bunduki mwaka 1964 aliambiwa kwamba sasa amekuwa mtu. Ukimwambia tena "beba," anasikia sauti ya zamani.

Na kama mpiganaji hakubeba, nani alibeba? Mwenye kijiji.

4. HESABU YA BUKARI

Hapa naomba mniruhusu nifanye hesabu ya shambani. Chukua watu 100 tu wa kambi. Kila mmoja ale nusu kilo ya unga wa muhogo kwa siku. Hiyo ni kilo 50 za unga. Kilo moja ya unga inahitaji kilo 3 mpaka 4 za muhogo mbichi. Kwa hiyo ni kilo 150 mpaka 200 za muhogo kila siku, yaani tani 4 na nusu mpaka tani 6 kwa mwezi. Shamba la kawaida la huku kwetu, bila mbolea, tuseme linatoa tani 8 kwa hekta. Kwa miezi saba watu 100 wanamaliza hekta 4 mpaka 5 za muhogo. Na waasi wote pamoja walikuwa wengi zaidi ya 100, mara nyingi.

Tena muhogo si mahindi ya kutoa kwenye gunia. Muhogo mchungu unang'olewa, unamenywa, unalowekwa majini siku tatu au nne, unaanikwa, unatwangwa, unachungwa. Kazi hiyo ni ya akina mama. Uzuri wake ni kwamba unaweza kubaki ardhini mwaka mmoja na zaidi. Jeshi likichoma ghala, chakula bado kiko chini ya udongo. Ndiyo benki ya mtu wa vita. Ubaya wake ni huo huo: kila anayepita na bunduki anajua benki iko wapi.

Che aliliona hilo. Aliandika kwa uchungu kwamba jeshi la waasi lilikuwa linaishi juu ya mgongo wa wananchi bila kuwalimia wala kuwalinda.

5. BENDERA, BARAKA, FIZI

Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia Bendera, kwenye mtambo wa umeme wa mto Kiyimbi. Waliokwenda ni Wakuba pamoja na Wanyarwanda waliokuwa wanapigana upande wa waasi. Mambo yalikwenda vibaya. Wengi walitegemea dawa ya mganga ya kugeuza risasi kuwa maji, na risasi zilipoonyesha kwamba ni risasi, wakakimbia. Wakuba wanne walikufa, na vitu walivyokutwa navyo vikajulisha adui kwamba Kuba iko ndani ya vita.

Baadaye Che alitembea upande wetu: Baraka, Fizi, Lubonja mpaka Lulimba. Fizi walimpokea kwa ngoma na chakula. Kulikuwa na jenerali mmoja, Moulana, aliyevaa kofia ya pikipiki iliyofunikwa ngozi ya chui. Wakuba wakamtania kwa jina la Mwanaanga. Tunaweza kucheka. Lakini ngozi ya chui kwetu ni alama ya mamlaka, na Moulana alikuwa anaongea na watu wake kwa lugha wanayoielewa. Che alikuwa anatafuta mitaro, walinzi na mazoezi ya kijeshi. Alikuta vizuizi vya barabarani, sherehe na wakubwa wanaogombana.

6. SWALI LA ARDHI

Kwangu mimi hapa ndipo kiini. Kule Kuba mapinduzi yalikwenda na ahadi ya shamba: mkulima asiye na ardhi atapewa ardhi ya tajiri. Che alipofika Fizi aliona ahadi hiyo haina kazi. Ardhi ilikuwa nyingi, mkulima alikuwa na shamba la ukoo, hakukuwa na tajiri wa kunyang'anywa. Aliuliza katika maandishi yake: sasa huyu mkulima tutampa nini ili apigane?

Ndugu zangu, swali hilo halikujibiwa mwaka 1965. Toka wakati huo makundi mangapi yamepita katika Fizi yetu, kila moja na jina lake na ahadi yake? Mkulima wa Lulenge au Ngandja hakuhitaji kupewa ardhi. Alihitaji barabara ya kufikisha mavuno sokoni, kituo cha afya, shule, na usiku wa kulala bila kukimbia. Leo hata ile ardhi tuliyosema ni nyingi imeanza kugombaniwa: shamba na malisho, mwenyeji na mkimbizi anayerudi akakuta mwingine amelima.

7. MWISHO WA SAFARI

Mwisho wa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare walishuka ziwani karibu na Baraka. Walidhani ni kazi ndogo, lakini Baraka ilipigana kwa nguvu kabla ya kuanguka. Fizi ikafuata Oktoba. Huko Léopoldville Kasavubu alimfukuza Tshombe tarehe 13 Oktoba, na mwanzoni mwa Novemba Tanzania ikaomba Wakuba waondoke. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Novemba mitumbwi iliondoka kurudi Kigoma. Haikutosha watu wote. Wakongomani wengi waliachwa ufuoni. Siku chache tu baadaye, tarehe 24 Novemba, Mobutu alichukua madaraka.

Kwa Che safari iliisha, akaandika kitabu na kukiri wazi kwamba walishindwa. Kwa Fizi haikuisha. Mwaka 1967 Kabila alianzisha chama cha PRP katika milima hiyo hiyo, makao yakaitwa Hewa Bora. Mei 1975 watu wake walivuka ziwa wakateka wanafunzi wanne kwenye kituo cha Gombe, Tanzania. Miaka ya maki iliendelea mpaka miaka ya 80. Tarehe 17 Mei 1997 jeshi la AFDL likaingia Kinshasa, na yule mtu wa Hewa Bora akawa rais.

8. SASA SISI TUNAFANYA NINI?

Kuna vitabu vya Wakuba, cha Hoare, vya maprofesa wa Ulaya na Marekani. Ndani yake mkulima wa Fizi anaonekana kama kivuli: analeta kuku, anabeba sanduku, anakimbilia porini. Hana jina. Mzee mmoja niliyekaa naye kule juu aliniambia hivi: "Bale balipigana banajulikana. Siye tulibeba, nani atatujua?"

Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1965 leo amepita 70. Hawa wazee wanatuacha kila mwaka, wengine wako mbali, Nyarugusu kambini au Ulaya kwa watoto wao. Kila mmoja wetu ana simu yenye kinasa sauti. Kwa hiyo napendekeza kitu kidogo: likizo hii, kila mwanachama akae na mzee mmoja, amuulize maswali matatu. Mlikuwa mnalima nini wakati wa Mulele? Mlikimbilia wapi, kwa njia gani? Nani alichukua chakula chenu, na alirudisha nini? Aandike jibu kwa lugha ya mzee mwenyewe, Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge au Kiswahili, na aulize kwanza kama mzee anakubali jina lake litajwe.

Kule Kazimia, Lubonja, Mboko, Lweba, Fizi kati, nyumbani kwenu kuna nani anayekumbuka? Semeni hapa chini, tupange nani aende wapi.