Fahamu: Ndege ya majaribio iliyoishia Tabora mwaka 1920

Treni zinazopita Pugu kuelekea bara hufika Tabora, mji uliopata reli mwaka 1912. Miaka minane baadaye, ndege iliyotoka Uingereza ilianguka huko. Wasikilizaji wetu wengi hawaijui habari hii.

Ilikuwa ndege gani?

Iliitwa Vickers Vimy Commercial. Vimy ya awali ilikuwa ndege ya kudondosha mabomu, yenye injini mbili na mabawa ya ngazi mbili, moja juu ya jingine. Iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1917, lakini vita vikaisha kabla haijatumika sana. Kiwanda kikaibadili kiwiliwili ili ibebe abiria kumi. Iliyofika Tabora ndiyo ya kwanza ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa majaribio.

Ilifuata nini Afrika?

Gazeti la The Times la London liliigharamia kutafuta njia ya anga hadi Cape Town. Marubani walikuwa Cockerell na Broome. Miongoni mwa waliokuwamo ni mtaalamu wa wanyama, Peter Chalmers Mitchell. Waliondoka Uingereza Januari 24, 1920.

Kwa nini ilianguka?

Februari 27, ilipokuwa ikiruka kutoka Tabora, injini ilishindwa na ndege ikaharibika kabisa. Watu wote walinusurika.

Mji huo uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu na penye joto, hewa huwa nyepesi: mabawa hayainuliwi vya kutosha, na injini hupata oksijeni kidogo. Ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, na injini ikilegea rubani hana akiba ya nguvu.

Tunajifunza nini?

Njia hiyo isingewezekana bila viwanja. Kabla ya safari, wenyeji wa maeneo mengi ya Afrika walikata miti na kubomoa vichuguu kwa mikono ili ndege zitue. Majina ya marubani yaliandikwa magazetini, ya wafanyakazi hao hayakuandikwa.

Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kawaida hadi Cape Town. Zilipita Moshi, Dodoma na Mbeya. Tabora haikuwamo.